Bledi au maleti: pata ipi itakufaa kwenye grini za Malindi?

Bibi yangu, Mungu amrehemu, hakuwahi kunielewa. Nikimuaga nakwenda gofu, yeye alisikia gofu la Gede, lile la kuta zilizoliwa na mizizi, akauliza nafuata nini kwa mashetani saa za adhuhuri. Siku nilipomweleza sheria za mchezo ndiyo nikaharibu kabisa. "Fimbo kumi na nne, mpira mmoja," akasema. "Na bado hauingii?" Nikamjibu hauingii, bibi, na inayowashinda watu zaidi ni ile fupi kuliko zote.

Fimbo hiyo ya kusukumia mpira shimoni, sisi makedi, wabeba mifuko ya wachezaji, tunaiita pata. Jina zuri, ila lina ahadi ya uongo ndani yake, maana wengi wanaoishika hawapati.

Nimebeba mifuko ya watu kwa miaka mingi kabla ya kuanza kazi hii ya kubadilisha gripu, yaani vishikio, na kukata mipini, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili la bledi na maleti. Lina haki ya kuulizwa. Uwanja wa mashimo 18 unaotarajiwa kumalizwa kwa mapigo 72 umehesabiwa hivi: kila shimo limetengewa mapigo mawili ya kwenye grini, ule uwanda wa nyasi fupi unaozunguka shimo. Mawili mara 18 ni 36. Yaani nusu ya mchezo iko kwenye pata, na bado mtu atakopa anunue draiva mpya, ile fimbo ndefu ya pigo la kwanza, ilhali pata yake ni ile aliyoachiwa na mgeni wa hoteli mwaka ambao hata haukumbuki.

Mtumbwi na ngalawa

Bledi ni kichwa chembamba, kama kipande cha bapa la upanga kilichotiwa mpini. Maleti ni kichwa kipana kinachorudi nyuma. Zile za mviringo zinafanana na pasi ya makaa, na hizi za siku hizi zenye mabawa mawili zinafanana na mbuzi ya kukunia nazi kuliko kifaa chochote cha michezo. Usicheke. Hayo mabawa yana kazi.

Kaa kwenye mtumbwi mtupu halafu inama upande mmoja. Utajua. Sasa kaa kwenye ngalawa yenye mirengu yake miwili, uiname vilevile. Uzito na uegemeo uliosogezwa mbali na katikati ndio unaokataa kupinduka. Pata ni hivyohivyo. Maleti ina uzito wake pembeni na nyuma, kwa hiyo ukiugonga mpira karibu na ncha, upande ulio mbali nawe, badala ya katikati, kichwa hakijipindi sana. Mpira unapoteza nguvu kidogo na mwelekeo kidogo. Bledi ukiigonga pale pale kwenye ncha, uso wake, upande unaogonga mpira, unafunguka mkononi, mpira unaishia kulia na tena mfupi. Kosa moja, adhabu mbili.

Kwa nini basi mtu achague mtumbwi? Kwa sababu unamwambia ukweli. Bledi ukiigonga katikati unaijua mpaka kwenye kiwiko, ukiikosa unaijua pia, na kwa mwenye mkono mzuri habari hiyo ndiyo inayompimia nguvu ya pigo linalofuata. Maleti nyingi zinakubembeleza. Pigo zuri na pigo baya hutoa hisia moja, na mtu anaweza kucheza mwezi mzima bila kujua kwamba mkono wake umehama.

Lakini hata bledi za leo si mtumbwi mtupu tena, na hapo kuna hadithi ninayoipenda. Karsten Solheim, mhandisi wa General Electric huko Marekani, mzaliwa wa Norway, alikuwa anakosa mapigo mafupi mpaka akachoka. Pata aliyojitengenezea mwaka 1959 ilikuwa ikilia "ping" kila ikigusa mpira, na mlio huo ukawa jina la kampuni. Januari 1966 akachora nyingine juu ya mfuko wa santuri: uzito kautoa katikati, kausukuma kwenye ncha na kwenye kisigino, upande ulio karibu nawe. Mkewe, Louise, akataka iitwe Answer, yaani jibu. Neno likawa refu halienei kwenye chuma, akasema basi toeni herufi ya w. Ikawa Anser. Ukiingia duka lolote la gofu leo ukaomba bledi, ni karibu hakika utapewa mjukuu wa mchoro ule. Kwa hiyo tunapolinganisha siku hizi tunalinganisha ngalawa yenye mirengu mifupi na ngalawa yenye mirengu mirefu.

Ukitaka ushahidi wa mabingwa, wamegawanyika. Tiger Woods kajenga jina lake kwa bledi ya mtengenezaji Scotty Cameron. Jack Nicklaus alipofika Masters ya 1986, mashindano makubwa ya Marekani, akiwa na miaka 46, alibeba pata ya kichwa kikubwa ajabu, na akaondoka na taji lake la sita la mashindano hayo. Scottie Scheffler aliacha bledi Machi 2024, akahamia maleti ya Spider, akashinda wiki ileile, na mwezi uliofuata akashinda Masters. Hawa hawawezi kukuamulia, kwa sababu hawachezi na kosa lako.

Poda ya mtoto

Kosa lako ndilo la kutafuta kwanza, na halihitaji mashine. Mwaka jana walinijia wawili kwa wakati mmoja, alasiri ya kusi, upepo unapeperusha majani ya mvinje mpaka shimoni. Mmoja mwalimu mstaafu, wa pili nahodha wa mashua ya watalii, kijana, mabega kama mlango. Mwalimu alikuwa na maleti ya zamani, nahodha ana bledi inayong'aa. Kila mmoja alitaka ya mwenzake.

Nikachukua poda ya mtoto, ile ya kopo, nikainyunyiza kwenye uso wa pata zote mbili. Mipira kumi kila mtu, hatua sita kutoka shimoni. Mpira ukigonga, unafuta poda na kuacha duara dogo, na duara halisemi uongo.

Bledi ya nahodha ilikuwa kama ukuta uliopigwa mawe na watoto: duara tatu kwenye ncha, mbili karibu na kisigino, moja juu kabisa, zilizobaki popote. Mipira yake ilikuwa ikimaliza kulia na kushoto ya shimo, lakini urefu wake karibu sawa. Maleti ya mwalimu ilikuwa na duara kumi zilizokaliana mpaka zikawa kama moja, upana wa sarafu. Anapiga katikati kila mara. Mipira yake yote ilikwenda kwenye mstari, ikasimama: mmoja hatua moja nyuma, mwingine umepita hatua mbili, mwingine umekufa njiani.

"Ami," nahodha akaniambia, "kwani mimi nina mkono mbaya?"

"Huna mkono mbaya. Una pata ya mtu mwingine."

Nawaambia wote hivi. Ukikosa pembeni, uso wa pata unapinda au hauko sawa wakati wa kugonga, na maleti itakusaidia. Ukikosa kwa urefu, mfupi na mrefu, kichwa kikubwa hakitakuponya. Tafuta hisia, uzito unaokufaa, au gripu. Ukikosa kote kuwili, usinunue kitu. Njoo ufanye mazoezi kwanza.

Mwalimu alikuwa ameshatenga pesa za bledi mpya. Nikamwomba asubiri.

Kuipima juu ya kidole

Kuna jambo moja zaidi wauzaji hawalisemi. Lalisha mpini wa pata juu ya kidole cha shahada mpaka ukae wenyewe bila kuanguka. Uso ukitazama mbinguni, pata hiyo ni ya mizani, haitaki kufunguka wala kufunga. Ncha ikining'inia kuelekea chini, hiyo ni ya kuning'inia, na kadiri inavyoshuka ndivyo inavyopenda kufunguka ukirudisha na kufunga ukipeleka.

Kwa kawaida maleti ni za mizani na bledi huning'inia, lakini usiapie. Kuna maleti zenye shingo fupi ya kupinda, pale mpini unapoungana na kichwa, zinazoning'inia kama bledi, na mtu aliyezoea bledi akitaka kuhamia kichwa kikubwa bila kujifunza upya, hizo ndizo za kutafuta.

Ulinganishe na mkono wako. Weka ubao mrefu chini, hata ufito wa boriti, piga sambamba nao. Kama pata yako inarudi moja kwa moja ikienda na mstari, ya mizani itakutii. Kama inazunguka kidogo, inaingia ndani ikirudi na kuingia ndani tena baada ya mpira, kama bawaba ya mlango, basi ya kuning'inia inakwenda na wewe. Nahodha alizunguka sana. Ndiyo maana nilimtafutia maleti yenye shingo ya kupinda, si ile ya mwalimu aliyoitamani.

Siku hizi zimekuja pata za aina ya tatu, ambazo kichwa chake hakijipindi upande wowote hata ukiishika kwa vidole viwili. Kampuni ya L.A.B. ndiyo iliyozipa jina, na J.J. Spaun alizipa sifa alipotia mpira wa futi 64 kwenye shimo la mwisho pale uwanja wa Oakmont, akachukua mashindano ya U.S. Open ya 2025. Nimeijaribu ya mgeni mmoja. Haikunigusa moyo, ila nakiri mapigo ya hatua mbili yaliingia yote.

Zile ndefu za kufika kifuani nitazipita haraka. Adam Scott alishinda Masters ya 2013 kwa pata ndefu aliyoikita kwenye mwili, na tangu Januari 2016 kukita huko ni marufuku. Pata ndefu yenyewe inaruhusiwa, mradi mkono ulioshika usibanwe kwenye kifua. Kama mgongo wako hauna tatizo, achana nayo.

Grini zetu si za televisheni

Hapa ndipo ushauri wa video unapowapoteza watu wa pwani. Grini unazoziona kwenye runinga ni kama sakafu iliyopigwa rangi. Zetu ni nyasi za jamii ya bermuda, zina ulalo. Zitazame kama mahameli: upande mmoja zinang'aa, ukigeuka upande wa pili zinakuwa nyeusi. Ukipiga kuelekea kunakong'aa mpira unateleza, ukipiga kuelekea kweusi unashikwa mguu. Mvua za masika zikishanyesha, majani yananenepa na grini inakuwa zulia. Kaskazi ikija na jua lake, inakauka na kuwa ngumu.

Kwa grini nzito, mambo mawili nayatazama kuliko umbo. La kwanza ni mwinamo wa uso. Pata nyingi zina nyuzi 2 hadi 4. Sheria inaruhusu hadi 10. Mpira ukikaa kwenye nyasi unazama kidogo kwenye kitanda chake, na mwinamo ndio unaoutoa kabla haujaanza kubingirika. Pata ya nyuzi 2 kwenye zulia la Juni inausukuma mpira ndani ya majani, unaruka kama chura, na mstari umeshaharibika. Nataka 3 au 4. Na kama una tabia ya kusukuma mikono mbele unapogonga, unajiibia nyuzi zako mwenyewe.

La pili ni uzito. Vichwa vingi vya sasa viko kati ya gramu 340 na 370. Kichwa kizito kinasaidia kwenye grini ya polepole kwa sababu mwendo unabaki uleule mfupi, mkono hauhitaji kuvamia. Kuongeza uzito hakuhitaji duka: wavuvi wana risasi za mishipi. Ipige nyundo mpaka iwe nyembamba kama jani, ikate, ibandike chini ya kichwa. Ibandike kabla ya raundi na usiiguse mpaka umalize, ndivyo sheria inavyotaka. Halafu nawa mikono kabla ya kula.

Inchi moja, shilingi ishirini

Pata nyingi za dukani zina inchi 34 au 35, na wengi ninaowaona zimewazidi. Zinapozidi, mtu anasimama wima, macho yanakuwa mbali na mstari, ncha ya pata inanyanyuka. Simama kama unavyopiga, shika mpira mwingine kwenye mzizi wa pua, uachie. Ukianguka juu ya mpira ulio chini, au upana wa vidole viwili upande wa miguu yako, uko sawa. Ukianguka karibu na viatu vyako, pata ni ndefu au umeinama vibaya. Kisha mtu mwingine aingize sarafu ya shilingi ishirini chini ya ncha: ikipita peke yake bila kukwaruza, kichwa kimekaa kwa kisigino, na uso unatazama kushoto bila wewe kujua.

Mwalimu alikuwa na pata ya inchi 35. Sarafu ilipita, ya pili juu yake ikapita.

Gripu nitasema kidogo tu. Nene inatuliza viganja, nyembamba inaacha vidole vizungumze. Mwenye kutetemeka kwenye mapigo mafupi ajaribu nene kabla ya kubadilisha kichwa. Na gripu iliyokaa kwenye buti la gari Malindi kwa miaka mitano imeshakuwa kuni. Ibadilishe, ni gharama ndogo kuliko kitu chochote kwenye mfuko wako.

Chumvi, na pata ya elfu nane

Mnunuzi wa Nairobi hana haja ya aya hii. Wewe unayo. Pata nzuri kadhaa huchongwa kwa chuma laini cha kaboni ambacho mabingwa hukisifu kwa hisia yake, na hewa yetu hukila. Nimeona kichwa cha thamani kimepata kutu ya rangi ya chai ya rangi kwa wiki tatu, na kosa lilikuwa ni kukirudisha kwenye soksi yake, ile ya kufunikia kichwa, kikiwa na umande. Soksi ndiyo inayokiua: inashika chumvi na unyevu, inavifunga ndani. Kama hupendi kazi ya kufuta, chukua chuma kisichoshika kutu na uache kaboni kwa watu wa bara. Vichwa vya alumini navyo huota vidoa vyeupe chini ya rangi. Zile zenye kipande laini kilichopachikwa usoni hazina ubaya, ila angalia ukingo wa kipande, gundi ikichoka kwa joto kinaanza kucheza na mlio unabadilika.

Bei sasa. Baadhi ya pata mpya za majina makubwa zinapita dola 400 huko kwao, yaani zaidi ya elfu hamsini za Kenya kabla ya ushuru na usafiri. Ndiyo maana, miaka kadhaa iliyopita, nilipoiona moja kwenye simu kwa elfu nane, "mpya, haijatumika", nikatuma pesa. Ilikuja na soksi nzuri kuliko yenyewe. Rangi ya herufi ilianza kutoka kwa kucha, na baada ya masika moja ngozi ya juu ikafura malengelenge kama ndizi iliyookwa. Muuzaji hakupokea tena simu. Tangu siku hiyo natazama mambo matatu: herufi zimechongwa kwa kina kimoja au zinapotea pembeni, mshono wa shingo una gundi iliyomwagika au la, na kichwa kina uzito unaoeleweka kwenye mizani ya duka la nafaka. Cha mwisho ndicho bora. Matapeli hawapimi gramu.

Pata iliyotumika na mtu unayemjua ni bora kuliko mpya ya mtu usiyemjua. Chuma hakizeeki kwa kugonga mpira. Ukiwa wa mkono wa kushoto, pole. Soko letu ni dogo, chukua unachokipata kisha tuikate.

Nahodha alichukua maleti yenye shingo ya kupinda, inchi 34, imetumika, mwenye nayo wa awali alikuwa Muitaliano aliyekuwa akifunga nyumba kurudi kwao. Mwalimu hakununua bledi. Nilikata maleti yake inchi mbili kwa msumeno wa chuma, nikamrudishia uzito uliopotea kwa risasi ya mshipi, nikamtia gripu nyembamba iliyompa hisia aliyokuwa akiitafuta dukani. Tukanyunyiza poda tena, mipira kumi. Duara zilikuwa palepale, na safari hii mipira saba ilisimama ndani ya urefu wa pata kutoka shimoni. Akanihesabia pesa za kazi, akaweka zilizobaki mfukoni, akasema za bledi atampelekea mjukuu ada.

Bledi inayong'aa ya nahodha aliniuzia mimi. Naipiga hadi leo, naifuta kila jioni kwa mafuta ya cherehani, na kuna siku tatu katika kumi inanitukana mbele ya watu.